Jinsi ya kubadilisha soketi ya taa za trela iliyochakaa kwenye gari au trekta

Makala hii ni kwa madereva, mafundi, utingo na vikundi vya wakulima wanaotumia trela katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kama vile Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, na katika vijiji vinavyoyazunguka. Inaeleza jinsi ya kujua kama soketi ya taa imechakaa, jinsi ya kuitoa, jinsi ya kufunga mpya, na jinsi ya kupima taa kabla ya kuingia barabarani.

Kwa ufupi

- Soketi ni ile iliyofungwa nyuma ya gari au trekta. Plagi ni ile iliyo mwisho wa waya wa trela. Zote mbili lazima ziungwe kwa mpango mmoja.
- Fuata namba ya pini, usifuate rangi ya waya. Rangi hubadilika kutoka gari hadi gari, lakini namba haibadiliki.
- Matatizo mengi ya taa za trela hutoka kwenye waya wa athi, yaani waya unaorudisha umeme. Anza kukagua hapo.
- Usitoke usiku kama taa yoyote ya nyuma ya trela haiwaki.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Trela ikiunganishwa na gari, taa za nyuma za gari hufichwa na mzigo. Mtu anayekuja nyuma haoni tena taa za gari. Anaona trela tu. Kama taa za trela haziwaki, anayekuja nyuma haoni kitu, wala hajui kama dereva amekanyaga breki au anataka kukata kona.

Uganda iko kwenye ikweta, kwa hiyo giza huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima. Wakati wa mavuno trela nyingi hurudi kutoka shambani au sokoni jua likiwa limeshazama. Barabara ni ya vumbi, haina taa, na watu wengi wako njiani: watembea kwa miguu, watoto waliotumwa maji, watu wa baiskeli, na bodaboda yenye taa hafifu na abiria nyuma. Bodaboda ikifika kwa kasi nyuma ya trela iliyosimama bila taa, dereva wake huiona akiwa ameshachelewa kufunga breki. Soketi ni kifaa kidogo, lakini usalama wa watu hao unategemea kazi yake.

Kuna sababu nyingine. Katika makazi, trela moja mara nyingi hutumiwa na watu wengi. Leo inavutwa na trekta ya kikundi, kesho na pikapu ya kukodi. Kama kila fundi akiunga nyaya kwa mpango wake mwenyewe, gari la kwanza litawaka vizuri, lakini la pili likikanyaga breki, trela itawasha indiketa ya kushoto. Anayekuja nyuma atadhani dereva anakata kona, kumbe anasimama. Ndiyo maana soketi mpya haitakiwi kuungwa ili ikubaliane na trela moja tu. Inatakiwa kuungwa kwa mpango wa kawaida, na trela yenye mpango tofauti ndiyo irekebishwe.

Dalili za soketi iliyochakaa

- Kifuniko kimevunjika, au springi yake imelegea na hakifungi tena.
- Ndani kuna vumbi, matope au maji.
- Pini zina kutu ya kijani au nyeupe, zimepinda, zimeungua au zinacheza.
- Plagi ya trela ikiingizwa haikazi. Inatoka gari likipita kwenye mashimo.
- Taa zinawaka ukishika plagi kwa mkono, zinazima ukiiachia.
- Nyaya nyuma ya soketi zimekatika nusu, au mpira wake umepasuka.

Hakikisha kwanza kama kosa liko kwenye soketi

Usinunue soketi mpya kabla ya kupima. Kosa linaweza kuwa kwenye balbu, fyuzi, waya wa trela au athi.

1. Washa taa za gari lenyewe. Kama taa za nyuma za gari pia haziwaki, angalia fyuzi na swichi kabla ya kugusa soketi.

2. Safisha soketi na plagi. Sugua pini kwa kipande chembamba cha msasa laini, pangusa vumbi, kisha jaribu tena. Wakati mwingine hili peke yake linatosha.

3. Tengeneza taa ya kupimia. Chukua balbu ndogo ya volti 12 na nyaya mbili. Waya mmoja uguse pini ya athi, yaani pini ya 3 kwenye soketi ya volti 12. Waya mwingine uguse pini nyingine, moja baada ya moja, huku mwenzako akiwasha taa, indiketa na breki. Balbu ikiwaka vizuri kwenye kila pini inayohusika, soketi na gari viko sawa. Kosa liko upande wa trela.

4. Kama balbu haiwaki, ondoa ule waya kwenye pini ya 3 na uuguse kwenye chuma kisicho na rangi cha gari, au kwenye ncha hasi ya betri. Kama sasa balbu inawaka, umeme wa kwenda upo, lakini athi ya soketi imekatika. Kama bado haiwaki, umeme haufiki kwenye pini hiyo. Fuata waya wake kurudi nyuma hadi kwenye taa ya gari.

Kuelewa waya wa athi

Kila taa ya trela ina waya wake wa kuleta umeme. Lakini taa zote hurudisha umeme kwa waya mmoja tu, ule wa athi. Ni kama ukumbi wenye milango mingi ya kuingilia na mlango mmoja wa kutokea. Mlango huo ukizibwa, watu wote hukwama.

Mfano wa hesabu: taa mbili za breki za wati 21 kila moja ni wati 42. Indiketa moja ni wati 21. Taa ndogo mbili za nyuma na taa ya namba, wati 5 kila moja, ni wati 15. Jumla ni wati 78. Kwa umeme wa volti 12 hiyo ni ampea 6.5, na zote hupita kwenye pini moja. Ndiyo maana pini ya athi na waya wake huungua au kulegea kabla ya nyingine, na ndiyo maana waya wa athi unapaswa kuwa mnene kuliko mingine.

Athi ikiwa mbaya, utaona mambo ya ajabu. Ukikanyaga breki, indiketa zinawaka kwa mbali. Ukiwasha indiketa, taa ndogo zinapepesa. Taa zote zinafifia ukiwasha mbili kwa pamoja. Umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi kupitia taa nyingine. Ukiona hivyo, usianze kubadilisha balbu. Kagua athi ya gari, ya soketi, ya plagi na ya trela.

Chagua soketi inayofaa

Jua volti ya gari lako. Pikapu, magari madogo na trekta nyingi hutumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24. Kuona betri mbili si uhakika, kwa sababu betri mbili zinaweza kuungwa zikabaki volti 12. Pima kwa mita, au soma maandishi kwenye balbu za gari.

Soketi ya pini 7 ya volti 12 na ile ya volti 24 hazina mpango mmoja. Kwenye ya volti 12 athi ni pini ya 3. Kwenye ya volti 24 athi ni pini ya 1. Usijaribu kulazimisha moja ifanye kazi ya nyingine. Pia, trela yenye balbu za volti 12 ikipewa umeme wa volti 24, balbu zitaungua mara moja.

Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni kutoka Ulaya yana soketi ya pini 13, na ya Marekani yana pini bapa. Makala hii inahusu soketi ya duara ya pini 7 ya volti 12.

Dukani angalia mambo haya:

- Pini ziwe za shaba. Beba sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa. Sumaku haishiki shaba. Ikishika pini, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi, nayo itashika kutu mapema.
- Kifuniko kirudi chenyewe na kukaza.
- Namba za pini ziwe zimechapwa na zisomeke.
- Kuwe na mpira wa kuzuia maji nyuma.
- Skrubu ndogo za kubana nyaya ziwe kamili na zizunguke bila kukwama.

Soketi ya plastiki haishiki kutu lakini huvunjika ikigongwa. Soketi ya chuma inavumilia kugongwa lakini inahitaji kutunzwa isishike kutu. Zote mbili zinafaa zikifungwa vizuri.

Mpango wa pini, soketi ya pini 7 ya volti 12

- Pini 1: indiketa ya kushoto. Rangi ya kawaida ni njano.
- Pini 2: taa ya ukungu ya nyuma. Bluu. Magari mengi hayaitumii.
- Pini 3: athi. Nyeupe.
- Pini 4: indiketa ya kulia. Kijani.
- Pini 5: taa ndogo ya nyuma ya kulia. Kahawia.
- Pini 6: taa za breki. Nyekundu.
- Pini 7: taa ndogo ya nyuma ya kushoto na taa ya namba. Nyeusi.

Kushoto na kulia ni kwa dereva aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Haijalishi kama gari limetoka nchi inayoendesha upande wa kushoto, kama Uganda, au upande wa kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi. Mpango wa pini ni uleule.

Angalia vizuri: soketi ukiitazama kwa mbele, na kisha kwa nyuma, pande hubadilishana. Usihesabu pini kwa kukisia. Soma namba iliyochapwa kando ya kila pini.

Rangi zilizotajwa hapo juu ni za kebo maalumu ya trela. Nyaya za gari lenyewe zina rangi za kiwanda chake, nazo ni tofauti. Kwenye gari lililowahi kutengenezwa na mafundi wengi, unaweza kukuta waya mwekundu ukifanya kazi ya athi. Kwa hiyo pima kila waya.

Vifaa unavyohitaji

- Soketi mpya na mpira wake
- Bisibisi ndogo bapa na ya nyota
- Spana namba 8 na namba 10
- Koleo ya kukatia waya na kisu
- Msasa
- Taa ya kupimia au mita ya umeme
- Tepu ya umeme na vibanio vya plastiki
- Grisi au mafuta mazito ya kupaka
- Karatasi na kalamu

Hatua za kazi

Hatua ya 1: Fanya mahali pawe salama

Egesha mahali tambarare. Funga breki ya mkono, zima injini, toa ufunguo, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Fungua trela kutoka kwenye gari. Kama trela ni ya ekseli moja na ina mzigo, iweke nguzo imara mbele na nyuma kabla ya kuifungua, kwa sababu mzigo ukiwa nyuma, mkono wa mbele unaweza kuruka juu na kumpiga mtu. Kisha fungua waya wa ncha hasi ya betri.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kukata

Fungua bolti za soketi ya zamani na uivute nje taratibu. Andika kwenye karatasi: pini gani ina waya wa rangi gani. Zungushia kila waya kipande cha tepu chenye namba ya pini. Kama una simu yenye kamera, piga picha. Hata kama mpango wa zamani ulikuwa na makosa, maandishi haya yatakusaidia kujua kosa lilikuwa wapi.

Hatua ya 3: Toa nyaya

Legeza skrubu ndogo na utoe nyaya. Skrubu ikiwa imeshikwa na kutu, usilazimishe. Kata waya karibu na soketi ili usipoteze urefu.

Hatua ya 4: Tafuta shaba safi

Menya ncha ya kila waya. Shaba nzima inang'aa. Shaba iliyoingiwa na maji huwa nyeusi au ya kijani, nayo haipitishi umeme vizuri hata ikibanwa sana. Kata kidogo kidogo hadi ufikie shaba inayong'aa. Ukikata sana na waya ukawa mfupi, ongeza kipande kipya cha unene uleule au zaidi. Kwa taa, waya wa milimita za mraba 1.5 unafaa. Kwa athi tumia 2.5.

Kuzungusha nyaya mbili na kufunga tepu hakutoshi, kwa sababu maji na mtikisiko vitazifungua. Tumia viungio vya kubana, au mwombe fundi wa simu au redio aziunganishe kwa risasi, kisha funika kila kiungo kipekee kwa tepu au mrija wa plastiki.

Hatua ya 5: Hakikisha kazi ya kila waya

Tenganisha ncha zote zisigusane. Rudisha waya wa betri kwa muda. Shika waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye chuma safi cha gari, na mwingine uguse kila ncha. Mwenzako awashe indiketa ya kushoto, kisha ya kulia, kisha taa ndogo, kisha akanyage breki. Andika namba sahihi kwenye kila waya. Ukimaliza, fungua tena betri.

Magari mengi hutumia waya mmoja kwa taa ndogo za pande zote mbili. Kama ndivyo, waya huo upeleke pini ya 7, kisha uunge kipande kifupi kutoka pini ya 7 hadi pini ya 5.

Hatua ya 6: Pitisha nyaya mahali pake kwanza

Kabla ya kubana waya wowote, pitisha kebo kwenye tundu la bamba la chuma na kwenye mpira wa kuzuia maji. Ukisahau, utalazimika kufungua kila kitu na kuanza upya.

Hatua ya 7: Bana nyaya

Menya kila waya milimita 6 hadi 8. Sokota nyuzi za shaba ziwe kitu kimoja, pasibaki uzi nje. Ingiza kwenye pini yenye namba yake na ukaze skrubu. Kisha uvute kwa vidole. Ukitoka, haukubanwa. Anza na pini ya 3. Hakikisha hakuna uzi wa shaba unaogusa pini ya jirani.

Hatua ya 8: Funga athi kwenye chuma

Waya wa athi upeleke kwenye fremu ya gari. Kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, weka kichwa cha waya chenye tundu, kaza kwa bolti, kisha paka grisi juu yake. Usitegemee chuma cha kuvutia trela kirudishe umeme. Mahali hapo huwa na grisi, vumbi na mchezo, na umeme utakatika gari likiruka.

Hatua ya 9: Funga soketi

Weka soketi ili bawaba ya kifuniko iwe juu. Kifuniko kitafunga chenyewe na maji yatashuka chini. Hakikisha mpira umekaa sawa, kisha kaza bolti. Paka grisi kidogo sana kwenye pini. Nyingi hukusanya vumbi.

Hatua ya 10: Panga waya

Funga kebo kwa vibanio mbali na bomba la moshi, magurudumu na ncha kali za chuma. Waya wa trela uache ulegee kiasi cha kutosha gari likikata kona kali, lakini usiguse ardhi.

Hatua ya 11: Rudisha betri na uchunguze fyuzi

Kama fyuzi inakatika mara tu ukiwasha, kuna waya unaogusa chuma au pini nyingine. Tafuta mahali hapo. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na kamwe usiweke kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujawaka moto.

Jinsi ya kupima pamoja na trela

Unganisha trela na plagi. Mtu mmoja akae kwenye gari, mwingine asimame nyuma ya trela kando, si katikati. Mtu wa nyuma aseme kwa sauti anachokiona. Fuateni mpangilio huu:

1. Taa ndogo: zote mbili ziwake sawa, na taa ya namba.
2. Indiketa ya kushoto: ya kushoto tu iwake.
3. Indiketa ya kulia: ya kulia tu iwake.
4. Breki: zote mbili ziwake kwa nguvu.
5. Vyote kwa pamoja: taa ndogo, breki na indiketa ya kushoto. Kisha rudia na ya kulia.

Jaribio la tano ndilo linaloonyesha ubora wa athi. Taa zinaweza kuwaka vizuri moja moja, lakini zikiwaka pamoja zikafifia au kuchanganyika. Kama hilo linatokea, rudi kwenye pini ya 3 na athi ya trela.

Indiketa ikiwaka haraka kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja imekufa au haishiki vizuri. Mwisho, tikisa plagi na kebo huku taa zikiwaka. Zikizima hata kidogo, kazi haijaisha.

Kama trela ni ya watu wengi

Vikundi vinavyomiliki trela kwa pamoja vinashauriwa kufanya haya:

- Andikeni mpango wa pini na muubandike ndani ya kisanduku cha vifaa, au muupake kwa rangi kwenye fremu ya trela. Fundi wa kesho asikisie.
- Mchagueni mtu mmoja wa kukagua taa kila trela inapotoka na inaporudi.
- Gari geni likiunganishwa, fanyeni jaribio lote la hatua tano, hata kama taa zilikuwa nzuri jana.
- Taa zikikosana na gari moja tu, kagueni gari hilo. Zikikosana na kila gari, kagueni trela. Msibadilishe nyaya za upande mzima ili kulipata gari moja.
- Trela ikiegeshwa, plagi isiachwe chini kwenye matope. Itundikeni, na ifunikwe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa au mfuko.

Riflekta husaidia, lakini hazichukui nafasi ya taa. Wekeni nyekundu nyuma na nyeupe mbele. Zisafisheni, kwa sababu riflekta yenye vumbi haiakisi.

Kama taa zimekufa njiani

Kama bado ni mchana na fyuzi au plagi inaweza kurekebishwa, toka kabisa barabarani, fanya kazi, kisha pima. Kama giza limeingia, usiendelee. Lala hapo au acha trela mahali salama nje ya barabara, na mtu wa kuilinda. Mtu kutembea nyuma ya trela na tochi si suluhisho, kwa sababu yeye mwenyewe anaweza kugongwa.

Kama gari limekwama na haliwezi kutoka barabarani, washa indiketa zote za gari na weka pembetatu za tahadhari mbali nyuma na mbele, ili anayekuja apate muda wa kupunguza mwendo. Watu wengi huweka matawi ya miti. Yanasaidia mchana, lakini usiku hayaonekani kwa taa hafifu. Kama umeweka mawe, yaondoe yote kabla ya kuondoka, maana jiwe lililoachwa barabarani humwangusha mwendesha bodaboda. Watu wote washuke kwenye trela na wasimame mbali na barabara. Nchini Uganda, namba ya dharura ya polisi ni 999 au 112.

Lini umwite fundi

Mtafute fundi wa umeme wa magari kama:

- Gari ni jipya na taa zake zinaongozwa na kompyuta. Kuunga waya wa trela moja kwa moja kunaweza kuharibu kifaa cha bei kubwa.
- Fyuzi inaendelea kukatika na hukuona sababu.
- Waya umeungua au una harufu ya moto.
- Trela ina breki za umeme au za upepo.

Ukimpa fundi kazi, mwonyeshe mpango wa pini ulio juu na umwombe aufuate. Kabla ya kumlipa, fanyeni pamoja jaribio la hatua tano, ukiwa wewe umesimama nyuma ya trela.

Ukaguzi wa kila wiki

Wakati wa mavuno, chukua dakika tano kila wiki: fungua kifuniko, toa vumbi, angalia kutu, kaza bolti za soketi, vuta kebo kidogo, kisha pima taa. Baada ya mvua kubwa au kuvuka maji, fungua soketi ikauke. Weka balbu moja au mbili na fyuzi za akiba ndani ya gari.